Sura ya Saba: Karatasi ya Vidonge

Ripoti ya maiti ilikuwa na kurasa mbili, na Inspekta alishaisoma mara tatu kabla chai yake haijapoa. Iliandikwa kwa uangalifu wa mtu anayejua kuwa itasomwa mahakamani. Ilitaja kucha iliyooza kwenye kidole gumba cha mguu. Ilitaja alama ya kuungua kwenye kiwiko, jino moja lililong'oka, na sugu za mikononi zinazompata fundi yeyote. Halafu ikafika tumboni na kumaliza kazi kwa sentensi moja: utumbo mpana ulitobolewa na kifaa chenye ncha kali, na marehemu akafa kwa usaha uliosambaa mwilini. Chini kulikuwa na sahihi na mhuri wa Daktari Mkuu wa hospitali.

Sentensi hiyo ilikuwa imemlaza mwanamke wa miaka sitini na saba kwenye sakafu ya saruji kwa siku mbili. Saa nane mchana angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mwendesha mashtaka alitaka jalada saa saba, na sasa ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Aliyemkamata mwanamke huyo ni Inspekta mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumfokea, ingawa Sajenti alikuwa karibu na alikuwa anajitahidi kufaa.

"Kesi imeiva, afande," Sajenti alisema. "Maiti tunayo. Kisu tunacho, tena kina damu. Majirani wamemsikia akimwambia marehemu atakufa. Unataka akuandikie na barua ya kukiri?"

"Nataka kimya cha dakika tano. Nisaidie."

Vielelezo vilikuwa mezani: kisu kidogo cha upasuaji, mkasi, koleo mbili, beseni, daftari la kurasa za nakala, na chupa ya jemu yenye kitambaa kichafu ndani. Sajenti aliisukuma chupa mbali kwa ncha ya kalamu. Tangu jana alikuwa anaomba ruhusa ya kuitupa.

"Isitupwe," Inspekta alisema. "Mlete Mama Bandeji."

Mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu aligeuza sebule yake kuwa chumba cha kusafishia vidonda. Walioogopa foleni ya hospitali walikwenda kwake, na wengi walipona. Aliingia akiwa peku, bila miwani, akatafuta kiti kwa mkono kabla ya kukaa.

"Umekunywa dawa yako ya sukari, mama?"

"Nimekunywa. Askari wa zamu ya usiku ana adabu kukuzidi."

"Nieleze tena habari za marehemu, Fundi Makochi."

"Nimekueleza mara nne, mwanangu. Kama unataka uongo, sema unautaka upi nikupangie vizuri."

Inspekta hakucheka. Alifungua kalamu na kusubiri.

Mama Bandeji akapumua. Fundi Makochi, fundi wa kutengeneza makochi, alifika kwake tarehe nne, saa nne asubuhi, akitembea kiubavu. Jipu kwenye kinena cha kushoto lilikuwa limepasuka lenyewe siku moja kabla. Alikuwa amejifunga kipande cha kitambaa cha kochi, kile kizito chenye maua.

"Nikakivua, nikanusa."

"Ukanusa?" Sajenti alikunja uso.

"Miaka thelathini na moja nanusa vidonda. Jipu lina harufu yake na choo kina harufu yake. Nikaweka gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia, nikasubiri robo saa, nikalitoa. Ndilo hilo kwenye chupa. Mnaliogopa bure. Liangalieni."

Inspekta akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Gozi lilikuwa na doa la kahawia, na katikati ya doa kulikuwa na vitu vidogo bapa, vya rangi ya manjano. Alihesabu vinne. Kwenye kifuniko kulikuwa na karatasi iliyobandikwa: tarehe nne, saa nne, gozi la kwanza.

"Hizi ni mbegu."

"Za nyanya. Nilimuuliza jana yake alikula nini, akasema nyanya. Sasa wewe ni mpelelezi, nipelelezee. Nyanya inafikaje kwenye jipu la kinena kama utumbo haujatoboka?"

"Labda ulikuwa umeshautoboa wewe."

"Kwa kitu gani? Kwake sikugusa kisu. Ningekata nini, na utumbo wenyewe uko mlangoni?"

"Kisu kina damu."

"Ya mzee mwenye kidonda cha kisigino, jirani yangu wa ukuta. Mliponijia alikuwa kitini. Muulize huyu, ndiye aliyemtoa nje kwa kumshika kola."

Sajenti alikohoa na kuangalia dirishani. Inspekta aliandika kwenye daftari lake, mstari mrefu kuliko ilivyohitajika, ili asiseme alichotaka kusema.

"Jipu lilikaa mahali gani hasa?"

"Juu ya kovu la ngiri."

Kalamu ikasimama. "Kovu gani?"

"Alipasuliwa ngiri zamani, akawekewa wavu wa kuzibia. Kovu lenyewe refu hivi." Alionyesha kidole chake cha kati, kuanzia ncha hadi kwenye fundo la mwisho. "Wavu huo wanawekewa wengi na wanazeeka nao salama. Lakini ni kitu kigeni mwilini. Mara moja moja unahama, unajikunja, unausugua utumbo taratibu mpaka unaingia ndani. Inaweza kuchukua miaka. Mtu ameshasahau kama alipasuliwa, ndiyo unaanza."

Inspekta aliivuta ripoti na kuisoma mara ya nne. Kucha ilikuwepo, kiwiko kilikuwepo, jino lilikuwepo. Kovu halikuwepo popote. Daktari aliyeinama kutazama kucha ya mguu alikuwa amepita juu ya kovu la urefu wa kidole, tena mahali penyewe palipomwua mtu.

"Nani alimpasua?"

"Miaka tisa iliyopita, mimi nilikuwa nimestaafu. Muulize mkewe. Mimi nilifanya kinachofanywa, nikamwandikia barua ya hospitali siku ileile. Naandika na kaboni chini, kazini walinicheka kwa hilo. Nakala mnayo."

Sajenti alifunua daftari la nakala. "Nakala inaonyesha uliandika. Haionyeshi kama ilifika. Tumekwenda hospitali, jalada lake halina barua. Hata alama kwamba alionwa na daktari hakuna."

Mama Bandeji aligeuza uso upande ilikotoka sauti.

"Basi hakwenda," alisema. "Ndivyo nilivyomwambia. Alirudi tarehe sita, ati amekwenda, ati amepewa vidonge vya maumivu. Nikamwambia wewe ni muongo. Hakuna daktari atakayesoma barua ile akampa mtu vidonge vya maumivu. Akachomoa kikaratasi chake cha vidonge, ananinyooshea, ushahidi huo. Nikakisukuma bila kukisoma. Nikamwambia hivyo hata dukani vipo, usikanyage hapa bila maandishi ya daktari, utakufa kwa ubishi wako. Nilipaza sauti, ndiyo. Majirani hawakuongeza chumvi."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikuwa mtu wa aibu. Akaondoka, na sikumwona tena. Tarehe kumi na moja nikasikia amekufa." Akamgeukia Sajenti. "Kikombe cha maji, tafadhali, kama sheria inaruhusu."

Sajenti akaenda kuleta maji mwenyewe.

*

Nyumba ya Fundi Makochi ilikuwa chumba, sebule na karakana mbele. Kochi la watu watatu lilisimama katikati ya karakana, mbao na mikanda tupu, limevikwa kitambaa upande mmoja tu. Kilikuwa kile kizito chenye maua. Mjane alikaa kwenye kigoda pembeni na hakuwakaribisha.

"Mmekuja kumtetea yule mama."

"Tumekuja kuuliza, dada. Pole kwa msiba."

"Pole nimeshapewa nyingi. Tunamzika saa kumi. Ulizeni haraka."

"Mumeo aliwahi kupasuliwa?"

"Ngiri. Miaka tisa sasa. Aliinua kochi peke yake, ubishi wake, ikamtoka." Kidogo sauti yake ikalegea. "Alipasuliwa na Daktari Mkuu mwenyewe. Siku hizo hajawa mkuu. Mume wangu alijivunia, kila mgeni lazima aambiwe. Mimi nimeshonwa na mkubwa, nyinyi mmeshonwa na wanafunzi."

Inspekta na Sajenti hawakutazamana. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda wa kutosha.

"Tarehe tano alikwenda hospitali?"

"Alikwenda. Nilimsindikiza mpaka getini, kutembea kulimshinda. Mimi nikawahi kufungua karakana, mteja alikuwa anasubiri."

"Alikuwa na barua?"

"Alikuwa nayo mkononi muda wote. Aliogopa isikunjike."

"Na alirudi na nini?"

"Vidonge. Siku ya pili akaenda kwa yule mama kubadilisha bandeji, akafukuzwa kama mwizi wa kuku. Homa ilipompanda alikuwa anarudia neno hilohilo. Nilikwenda, mke wangu. Mbona haniamini, nilikwenda. Siku tano. Alikufa nalo mdomoni." Akajifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Nikamshauri turudi hospitali. Akasema daktari mkubwa kashasema si kitu, nikirudi ataniona mtoto. Sasa niambie nisimchukie yule mama kwa sababu gani."

"Vidonge viko wapi?"

Alikwenda chumbani na kurudi na koti. Kutoka mfuko wa ndani alitoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kona zake zimelainika kwa jasho.

Mji mzima ulikifahamu kikaratasi cha namna hiyo. Fomu za dawa hospitalini zilikuwa zimekwisha tangu mwaka uliopita, na hakuna aliyeona haraka ya kuagiza nyingine. Daktari aliandika dawa nyuma ya karatasi yoyote aliyokuja nayo mgonjwa: kadi ya zamani, bahasha, ukurasa wa daftari la mtoto. Kwenye dirisha la dawa walihesabu vidonge, wakavifunga kwenye karatasi hiyohiyo, maandishi ya dozi yakiwa nje ili mgonjwa asikosee. Watu walishazoea, na waliitania hospitali kuwa inauza karanga.

Nje ya kikaratasi kulikuwa na mwandiko wa haraka: kimoja mara tatu, siku tano. Kulikuwa na sahihi na mhuri wa idara ya upasuaji wenye tarehe tano. Sahihi ilikuwa ileile iliyofunga ripoti ya maiti.

"Kinga mkono, dada."

Vidonge vitatu vilivyobaki vikadondoka kwenye kiganja cha mjane. Inspekta alifungua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne akatandika karatasi juu ya mbao za kochi, upande wa ndani juu. Mwandiko wa upande huo ulikuwa wima, wa wino mweusi, wa mtu aliyefundishwa kuandika zamani. Akaweka nakala ya kaboni kando yake. Kila neno lilikaa mahali pamoja, hadi alama ya kukata pale mwandishi alipokosea tarehe.

"Imeandikwa nini?" mjane aliuliza. "Sijui kusoma mwandiko wa kuunga. Na yeye hakujua."

Inspekta akasoma kwa sauti, polepole. "Kwa Daktari Mkuu. Nakuletea mgonjwa huyu mwenye kidonda juu ya kovu la ngiri, upande wa kushoto. Anasema aliwekewa wavu. Gozi la kwanza limetoka na choo na mbegu za nyanya. Nahisi wavu umeingia kwenye utumbo. Naomba apimwe na alazwe leo, si kesho."

Maneno matatu ya mwisho yalikuwa yamepigiwa mstari.

Mjane aliangalia vidonge mkononi, kisha karatasi.

"Walimfungia dawa kwa barua yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na alilala nayo mfukoni siku sita."

"Ndiyo, dada."

Mjane aliketi kwenye mikanda ya kochi ambalo halikuwa limemalizika. Inspekta alikuwa amekasirika, na hakuona sababu ya kuificha hasira hiyo. Alimwambia Sajenti aandike hati ya kuchukua kielelezo, na Sajenti akaandika bila utani wowote.

*

Mhudumu wa chumba cha maiti aliitwa Barafu. Alikuwa mtu mfupi mwenye buti za mpira, na aliwapokea mlangoni kana kwamba walikuwa wamechelewa.

"Nani alimpasua Fundi Makochi?" Inspekta aliuliza.

"Mimi. Huwa napasua mimi. Mkubwa anasimama pale penye hewa, leso puani, mimi nataja, yeye anaandika."

"Kucha ulitaja wewe?"

"Kucha, kiwiko, jino. Na kovu nilitaja."

"Halijaandikwa."

"Kuandika si kazi yangu."

"Tumboni uliona nini?"

Barafu alifunga mlango nyuma yao. "Nilikuta kitu kimejikunja ndani ya utumbo. Nikadhani amekula mfuko. Nikakivuta kidogo, nikaona ni wavu, kama ule wa kutilia vitunguu, ila laini zaidi. Nusu yake iko ndani ya utumbo, nusu imeshikamana na nyama ya kinena. Nikamwita mkubwa. Akaja mpaka mezani, siku hiyo alikuja. Akatazama muda mrefu."

"Akasema nini?"

"Akasema, shona."

"Na ukashona."

"Nina watoto wanne, afande. Ungekuwa mimi ungeimba?" Akavuta droo, na Fundi akatokea, amefunikwa shuka. "Lakini nilishona nyuzi chache, zifumuke upesi. Nilijua kuna mtu atakuja kuuliza."

Inspekta alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa hakimu, kuomba kibali cha uchunguzi wa pili. Ya pili ilikuwa kwa daktari wa upasuaji wa hospitali ya jirani, mwanamke aliyejulikana kwa ukali na kwa kutokuwa na rafiki hata mmoja kazini, sifa ambazo asubuhi hiyo zilifaa sana. Alifika saa nne na nusu, kibali kikiwa tayari mkononi mwa Sajenti. Alifanya kazi kwa dakika arobaini bila kuongea, isipokuwa kuomba taa isogezwe.

"Hakuna kisu hapa," alisema mwishowe, akivua glovu. "Tundu lina kingo ngumu, zimekomaa. Hilo ni la wiki nyingi, huenda miezi. Wavu ulikula njia yake taratibu, ukatoboa utumbo, ukatengeneza mfereji mpaka kwenye ngozi. Jipu ndiyo mwisho wa mfereji."

"Ni kosa la aliyeuweka?"

"Sioni kosa. Umewekwa vizuri tu. Inaweza kunitokea mimi kesho, ni nadra lakini ipo." Alinawa mikono hadi kwenye viwiko. "Ila mtu anayetoa choo kwenye kinena hulazwa siku hiyohiyo. Hilo mwanafunzi wa mwaka wa tatu analijua. Tarehe tano alikuwa na nafasi nzuri ya kupona."

"Utaandika hivyo?"

"Nimeshaanza," alisema. Akaomba kalamu, yake ilikuwa imeisha wino.

*

Daktari Mkuu alikuwa na ofisi yenye feni na vyeti sita ukutani. Aliwapa viti bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Nina wodi inanisubiri, Inspekta."

"Sisi tunasubiriwa na mahakama. Marehemu alikuwa na kovu kwenye kinena?"

"Kama halipo kwenye ripoti, hakuwa nalo."

"Kucha ipo kwenye ripoti."

"Kucha niliiona."

"Nani alimpasua ngiri miaka tisa iliyopita?"

"Napasua watu mia nne kwa mwaka. Siwezi kuwakumbuka."

"Yeye alikukumbuka. Kila mgeni wa nyumba yake alisimuliwa habari zako."

Daktari akaweka kalamu chini. Inspekta alitoa karatasi ndani ya mfuko wa kielelezo na kuiweka mezani, upande wa dozi juu.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Wangu. Dawa za maumivu. Kuna kosa gani?"

"Geuza."

Feni ilizunguka. Daktari Mkuu aliitazama karatasi na mikono yake ikabaki palepale, mmoja juu ya mwingine.

"Mtu asiyejua kilicho nyuma ya karatasi angegeuza," Inspekta alisema.

"Nilisoma mistari miwili." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayelalamika nyumbani kwake. "Nje nilikuwa na wagonjwa sabini. Na barua ya nani, kwani? Yule mama alikuwa muuguzi wangu. Amenishikia mikasi. Sasa amekaa sebuleni kwake ananiandikia leo, si kesho. Ananiamuru mimi!"

"Leo, si kesho iko mstari wa mwisho."

Daktari aliokota kalamu yake, akaiweka tena.

"Ulimvua bandeji?"

"Nilimuuliza panauma wapi."

"Daktari. Ulimvua bandeji?"

"Sikumvua."

Sajenti alikuwa anaandika. Kalamu yake ilisikika.

"Na ulipouona wavu mezani kwa Barafu?"

"Niliuweka vizuri ule wavu. Kuhama ni jambo linalojulikana, liko kwenye vitabu, lingempata mgonjwa wa daktari yeyote."

"Mwenzako amesema hivyohivyo asubuhi hii. Hakuna aliyekuja kukulaumu kwa wavu. Ungeandika neno hilo moja, wavu, ungekwenda wodini kwako. Ukaandika kifaa chenye ncha kali."

"Sikuandika kisu. Sikumtaja mtu."

"Hapana. Ulituachia sisi tukamtafute," Inspekta alisema. "Na tulimtafuta, tukampata hapohapo, na mimi ndiye niliyemfunga pingu."

Aliinuka. Alimwambia daktari aje kituoni kutoa maelezo, na kwamba kuanzia sasa asiguse jalada wala daftari lolote la idara. Daktari Mkuu aliuliza kama lazima aje leo. Inspekta alimjibu kwa maneno matatu ya mwisho ya barua, na akatoka kabla hajasema mengine ambayo yangemharibia kazi.

*

Mwendesha mashtaka alisikiliza kwenye simu, akatukana kidogo, akaondoa shtaka. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Sajenti alipeleka viatu na miwani mpaka mlango wa selo, akapiga goti kumsaidia Mama Bandeji kuvaa kiatu cha kushoto, ambacho mguu uliovimba haukutaka kuingia.

"Uko huru, mama," Inspekta alisema alipoketi naye kwenye chumba cha mahojiano. "Mbegu zako zilisema kweli. Wavu uliingia kwenye utumbo. Uchunguzi wa pili umethibitisha."

"Nilijua." Hakuonyesha furaha. "Lakini mlikuwa na chupa na nakala tangu juzi na hamkuniamini. Leo mmeamini kwa nini?"

Inspekta alikuwa amekwepa swali hilo njia nzima kutoka hospitalini. Lingekuja mahakamani siku moja, mbele ya watu, naye aliona ni afadhali lije hapa.

"Tumeipata barua," akasema.

Mama Bandeji akavaa miwani. Inspekta alimtandikia karatasi mezani. Alisoma mwandiko wake mwenyewe mpaka mwisho, bila haraka, kama anayekagua makosa. Kisha aliigeuza, akasoma dozi, sahihi, mhuri na tarehe. Aliangalia mikunjo minne. Kama mji mzima, alivifahamu vikaratasi vya dirisha la dawa, na hakuhitaji kuelezwa.

"Alikwenda," alisema.

"Alikwenda."

"Siku ya pili yake tu."

"Ndiyo, mama."

Alianza kuikunja karatasi. Mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka ikawa tena kikaratasi kidogo cha vidonge, dozi nje, barua ndani. Sajenti alitaka kumzuia kwa sababu ya kielelezo. Inspekta akamkanya kwa jicho.

"Alikuwa amesimama mbele yangu, kama hapo ulipo," Mama Bandeji alisema. "Sikumruhusu hata kukaa. Akaninyooshea hivi."

Akanyoosha mkono juu ya meza, kikaratasi kati ya vidole viwili. Ulikuwa mkono wa kazi.

"Barua yangu mwenyewe, mwanangu. Mimi naijua harufu ya choo kwenye jipu, sikujua barua yangu mwenyewe. Nikaisukuma, nikamwita muongo."

Nje, kwenye kaunta, mtu alikuwa anaripoti kupotea kwa baiskeli.

"Anazikwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Mkewe ameshaisoma?"

"Nilimsomea."

"Basi siendi," alisema. "Ningekuwa yeye, nisingetaka kuniona."

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. Inspekta akakipokea kile kikaratasi na kukirudisha kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika namba na saa juu yake, kama utaratibu unavyotaka.